Nani anamkabidhi kijana utu uzima? Mjadala kutoka Moshi na Arusha

Mlezi wa Rau (mleta mada)

Ndugu zangu, salaam.

Naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo nimelishuhudia kwa miaka mingi nikiwa mlezi wa vijana usharikani hapa Moshi, nalo ni kile kipindi kinachoanza kijana anapoweka kalamu chini baada ya mtihani wa kidato cha nne, hadi siku ambayo nyumbani kwao wanaanza kumsikiliza kama mtu mzima. Kwa wengine kipindi hiki huchukua miaka michache, kwa wengine zaidi ya kumi, na wapo wenye watoto wao tayari ambao kwenye kikao cha ukoo bado huagizwa kupanga viti na hawaulizwi neno. Tumezoea kusema kwamba vijana wa siku hizi hawakomai. Mimi naona wanakosa mtu wa kuwakabidhi utu uzima: majukumu tunawapa mapema mno, sauti tunawapa kwa kuchelewa mno, na katikati hapo tumewaacha bila utaratibu wowote.

Tuanze na sheria, kwa kuwa nayo haina kizingiti kimoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Akitimiza umri huo anaruhusiwa kupiga kura na kupata kitambulisho cha NIDA, ambacho ndicho kinachomwezesha kusajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe. Akitaka kugombea ubunge lazima afikishe miaka 21. Wakati huohuo Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa kijana kila mwenye umri wa miaka 15 hadi 35, kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili na baba wa watoto watatu wanapangiwa mipango pamoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Maana yake ni kwamba kwa miongo mingi binti alihesabiwa amekomaa vya kutosha kuingia katika nyumba ya mume, huku akihesabiwa kuwa hajakomaa vya kutosha kuchagua diwani.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Miongoni mwa Wachaga ilikuwapo ngasi, ambapo wavulana walikaa msituni chini ya walimu wao na kufundishwa kwa kufuata mregho, kijiti kilichochongwa alama ambazo kila moja ilibeba somo lake. Mabinti nao walikuwa na mafunzo yao. Kwa jirani zetu Waarusha na Wamaasai, layoni, yaani mvulana ambaye bado hajatahiriwa, hutahiriwa na kuingia katika rika la morani, na baada ya miaka kadhaa sherehe ya eunoto humvusha kwenda ngazi ya juu zaidi, akielekea kuoa na kuwa na mji wake. Sitamani kila kitu cha kule kirudi. Ukeketaji uliokuwa ukiambatana na kumvusha binti ni ukatili, na tangu mwaka 1998 ni kosa la jinai kumfanyia binti aliye chini ya miaka 18. Lakini kijana wa zamani alijua ni mzee gani anayemjibia, na jamii nzima iliijua siku aliyovuka.

Leo, kwetu Wakristo wa mkoa huu, sherehe ya mwisho ya kijana ni kipaimara. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano anavalishwa vizuri, tunachinja, tunafunga maturubai, ndugu wanatoka Dar es Salaam na Arusha kuja kumtunza. Kisha kimya. Kanisa na ukoo vitamkusanyikia tena siku ya kumuaga binti anayeolewa au ya harusi, ambayo huenda ikawa baada ya miaka kumi na mitano, na miaka hiyo yote, ambayo ndiyo migumu kuliko yote maishani mwake, anaivuka bila ya mtu yeyote kutangaza kwamba sasa amefika mahali fulani. Kwa ndugu zetu Waislamu, kijana akibaleghe, sala na saumu zinamlazimu yeye mwenyewe, na hilo ni jambo zito. Hata hivyo marafiki zangu Waislamu wa Pasua wananiambia kwamba katika mambo ya kipato na makazi, vijana wao wanakwama mahali palepale.

Tazameni kalenda yenyewe. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano huanza Julai. Aliyefaulu ana miezi saba au minane ambayo hakuna anayeisimamia, na asiyefaulu hana hata Julai ya kuisubiri. Wa kidato cha sita humaliza Mei, wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, baadhi yao katika kambi ya hapo Oljoro, kisha husubiri vyuo kufunguliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Ni katika mianya hii ndipo kijana anapoingia mjini kujitafutia, na anachokikuta kwanza ndicho kinachomlea.

Kwa upande wetu wa Moshi, kinachowalea wengi ni mlima. Kijana akishafikisha miaka 18 anaweza kwenda kuwa mgumu, kama wanavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro. Anaamka gizani akasimame geti la Machame au Marangu akitumaini kuchukuliwa. Akipata safari, anabeba mzigo ambao kwa kanuni za hifadhi haupaswi kuzidi kilo 20, kwa siku tano, sita au saba, katika baridi ambayo hajawahi kuikuta maishani, na akishuka anapewa mshahara na bakshishi kwa mkupuo. Huenda siku hiyo akashika fedha ambayo mama yake, anayeuza ndizi Mbuyuni, haioni kwa mwezi mzima. Nyumbani wanamsifu, wadogo zake wanapata sare, na mjomba anakumbuka kwamba anadaiwa. Lakini wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, na masika ya Aprili na Mei yanakuta geti tupu. Hakuna aliyekaa naye kumweleza kwamba fedha ya Agosti ndiyo chakula cha Aprili, kwa sababu waliokuwa na wajibu wa kumweleza walikuwa wanaipokea.

Wataalamu wa ubongo wanatueleza kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, alipendekeza kwamba miaka ya 18 hadi 25 itazamwe kama hatua ya peke yake maishani, hatua ya kujaribu kazi, mahusiano na mitazamo kabla mtu hajatulia, ingawa alizungumzia hasa jamii za nchi zenye viwanda. Nikiitafakari hoja hiyo nikiwa hapa Rau, nusu yake inatuhusu na nusu haituhusu. Ubongo wa kijana wetu unakomaa kwa mwendo uleule, lakini nafasi ya kujaribu hana, hasa akiwa kifungua mimba. Anatakiwa awe na uamuzi wa mtu mzima pale anapotuma fedha, na awe na unyenyekevu wa mtoto pale anapouliza zilitumikaje.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa vijana wenyewe.

Binti wa Ngarenaro

Shikamoo mlezi, na shikamooni wazazi wote mliomo humu.

Nashukuru kwa mada, lakini naomba niseme kwamba mlima umezungumziwa kwa kirefu na mabinti kwa sentensi chache tu, wakati njia yetu ni tofauti. Mvulana akimaliza kidato cha nne anaambiwa akatafute. Binti akimaliza anaambiwa akae nyumbani kwanza, na hiyo "kwanza" inageuka kuwa kupika, kufua, kumuuguza bibi na kulea watoto wa dada, kazi ambazo hakuna anayezihesabu kuwa ni kazi. Mwenzangu niliyesoma naye alikaa hivyo mpaka alipopelekwa Dar es Salaam kuwa dada wa kazi kwa shangazi yake. Nyumbani walisema amepata pa kuanzia maisha, naye mshahara wake ukawa unatumwa moja kwa moja kwa mama.

Mimi nilibahatika kusomea upishi katika chuo kimoja hapa Arusha. Mafunzo kwa vitendo niliyafanya katika hoteli ambayo sitaitaja, bila malipo, nauli nikijilipia mwenyewe, na msimamizi akaniambia waziwazi kwamba ajira ipo ikiwa nitakuwa na ushirikiano naye nje ya kazi. Nilikuwa na miaka 20. Nilitamani kumwambia mtu mzima, nikajikuta nikijiuliza ni yupi: baba angesema nirudi nyumbani, na chuoni wangesema nivumilie nipate cheti. Mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi pale ndiye aliyenishika mkono akanionyesha namna ya kuandika malalamiko na ni nani wa kumpelekea. Wala hakuwa ndugu yangu. Mlezi, hicho unachokiita kukabidhiwa, mimi nilikipata kwa mama yule.

Nilipotaka kupanga chumba, mwenye nyumba alidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akauliza kama nina mume, kisha akataka namba ya simu ya baba. Kaka yangu alipopanga Sakina hakuulizwa mojawapo kati ya hayo mawili ya mwisho. Bila mume na bila baba sikuweza kuaminiwa na ufunguo, ingawa fedha ilikuwa mkononi.

Yupo pia binti aliyepata ujauzito akiwa shuleni. Tangu waraka wa Serikali wa Novemba 2021, anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa shule baada ya kujifungua. Ruhusa hiyo ni kubwa na naishukuru, lakini mtaani kwetu anayerudi hujikuta katika hali ya ajabu: darasani ni mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka nje, jioni ni mama ambaye mtoto akiugua anaulizwa yeye. Akishindwa upande wowote analaumiwa kwa vipimo vya upande wa pili.

Swali langu kwa wazee ni hili: kaka zangu wanaambiwa tangu wadogo kwamba kuna kihamba, shamba la ukoo, kinawasubiri. Mimi nasubiriwa na nini?

Mzee wa Kibosho

Marahaba mwanangu wa Ngarenaro. Nitakujibu, ila kwanza niwaeleze wengine hali ya vihamba ilivyo, kwa sababu wengi walioko mjini wanaizungumzia kama ilivyokuwa enzi za baba zao.

Kwa desturi yetu kifungua mimba alitengewa sehemu yake, kitinda mimba akabaki na nyumba ya wazazi, na wa katikati walitafutiwa ardhi mpya au walikwenda kutafuta. Mambo hayo yaliwezekana kwa kuwa ardhi ilikuwapo na kahawa ilikuwa na bei. Chama chetu cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na kizazi changu kilisomeshwa kwa kahawa iliyopimwa kwenye mizani ya ushirika. Kijana alionyeshwa miche yake akiwa bado anasoma. Aliipalilia, akaivuna, akapewa fedha yake mkononi, na baba alimtazama namna anavyoitumia. Hapo ndipo alipopimwa, na akipotea alipotea kidogo, karibu na nyumbani.

Sasa kihamba kimegawanywa vizazi vitatu au vinne. Mimi nina eneo ambalo nikiwagawia wanangu wote, kila mmoja atapata mahali pa kujenga na kuzikwa, lakini si mahali pa kulima akaishi. Nawaambieni ukweli kutoka moyoni: sisi wazee wengi tunakwepa kukaa na vijana kwa sababu hatuna cha kugawa, na mzee asiye na cha kugawa anaogopa kuulizwa. Tunabaki kuwapa maagizo, maana maagizo hayana gharama.

Lakini vipo vya kukabidhi ambavyo havipungui kwa kugawanywa. Desemba, watoto wanapokuja wote, mimi nawatembeza mipakani. Nawaonyesha masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa na babu yao, nawaeleza ni jirani gani tuligombana naye na tulipatanaje, nani anatudai na sisi tunamdai nani, karatasi zipo wapi. Mwaka uliopita nilimwachia mwanangu wa katikati, ambaye hakupewa kitu, aongoze kikao cha kupanga michango ya kaburi la bibi yake. Aliongoza vizuri kuliko mimi, na tangu siku hiyo ndugu wanampigia simu yeye.

Binti, kuhusu wewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Desturi yetu haijafika hapo na sitakudanganya kwamba imefika. Mimi mabinti zangu nimewatembeza mipakani pamoja na kaka zao, na majina yao nimeyaandika mbele ya mashahidi. Walinung'unika wengine katika ukoo. Walionung'unika niliwauliza ni nani aliyemuuguza mama yangu, wakanyamaza.

Mfanyabiashara wa Soko Kuu

Mimi natofautiana nanyi. Nimeajiri vijana wengi dukani. Wanachelewa, wanashinda kwenye simu, ukiwakemea wanaacha kazi. Sisi tulianza kwa kulala kwenye magunia na hatukusubiri mtu atukabidhi chochote. Tukiwatafutia sababu tutawaharibu.

Dereva wa Kwa Mrombo

Mzee wangu wa Soko Kuu, nakuheshimu, na wapo vijana wa namna unayoieleza. Naomba tu nieleze hesabu ya kwetu ili uone ni wapi tunapoangukia.

Mimi naendesha bodaboda ya mkataba. Nampelekea mwenye pikipiki hesabu kila siku kwa muda tuliokubaliana, na muda ukiisha pikipiki inakuwa yangu. Mkataba wa kwanza niliusaini nikiwa na miaka 19, bila kuwa na mtu mzima pembeni. Ulisema nikikosa hesabu kwa siku kadhaa mfululizo mwenye chombo anakichukua, na haukusema chochote kuhusu zile nilizokwisha kulipa. Nilianguka, nikalala nyumbani na mguu, pikipiki ikachukuliwa ikiwa imebaki miezi michache. Sikulala kwenye magunia, lakini nililipia chombo cha mtu mwingine kwa karibu mwaka mzima.

Baada ya hapo nilikopa kwenye programu za simu. Zinakupa fedha ndani ya dakika chache, na ukichelewa kurejesha wanawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yako: mama mkwe, mchungaji, abiria. Benki Kuu ilitangaza mwaka 2024 orodha ya programu za mikopo zinazoendeshwa bila leseni, lakini wakati huo wenzangu wengi walikuwa wameshaaibishwa. Wapo waliohamia kwenye kubeti ili walipe deni. Simu yenyewe ndiyo imekuwa mzee wao wa ushauri, kwa kuwa yeye hachoki kuwajibu.

Tatizo langu kubwa halikuwa uvivu. Ilikuwa aibu. Nyumbani walikuwa wakipiga simu kuuliza nimefikia wapi, nami nikajibu naendelea vizuri, na kadiri nilivyojibu hivyo ndivyo nilivyoshindwa kurudi kuwaambia ukweli. Mkataba wa sasa nimesomewa na mwenyekiti wetu wa kijiwe, mtu wa miaka kama arobaini, naye akasaini kama shahidi. Umeandikwa kwamba nikiumia, malipo yanasimama na chombo hakichukuliwi.

Ningependa kujua kuhusu ile mikopo ya halmashauri, maana kila mtu ananieleza tofauti.

Mlezi wa Rau (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na nawajibu kwa pamoja.

Ndugu yangu wa Soko Kuu, nidhamu ya kazi ni ya lazima na sitetei uchelewaji. Lakini hata wewe uliyelala kwenye magunia, magunia yalikuwa ya mtu, na mtu huyo alikuona ukiamka. Nakuomba umchague kijana mmoja kati ya hao walioko dukani, mwenye dalili njema, umwonyeshe daftari la mauzo na umweleze faida inapatikanaje. Ukishafanya hivyo kwa msimu mmoja, uje utuambie kama bado anashinda kwenye simu.

Binti wa Ngarenaro, ulichoandika kuhusu yule mama wa usafi nimekisoma zaidi ya mara moja. Tumekubaliana usharikani kwetu kwamba kuanzia mwaka huu, kila anayemaliza kidato cha nne apewe mlezi mmoja asiye ndugu yake wa damu, mwanamke kwa binti na mwanamume kwa mvulana, ambaye atamtembelea au kumpigia simu kila mwezi hadi atakapofikisha miaka 25. Sababu ya kutafuta asiye ndugu ni ile aibu aliyoieleza kijana wa Kwa Mrombo, tena ndugu anapokea fedha, na anayepokea fedha ni vigumu kupokea habari mbaya. Kodi ya chumba tumeijadili pia. Mlezi atakuwa tayari kusimama mbele ya mwenye nyumba kama mdhamini wa tabia, ili binti asiulizwe habari za mume.

Mzee wa Kibosho, matembezi ya mipakani nitayapendekeza kwa familia zote za jumuiya yetu mwezi Desemba. Naongeza karatasi za kijana mwenyewe. Wengi wanakwama kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakijulikani kilipo, au jina la kwenye cheti halilingani na la shuleni, na mambo hayo yanagunduliwa wakati wa kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo cheti hicho lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Mzazi amkabidhi mtoto nyaraka zake zote akiwa kidato cha nne, wazikague majina pamoja, na arekebishe kilicho tofauti katika ile miezi ya kusubiri matokeo. Wanaokwenda chuo kikuu waelezwe pia mapema kwamba fedha ya Bodi ya Mikopo ni deni, na kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi aimalize, ili nyumbani wasiuhesabu mshahara huo wote kuwa ni wao.

Kijana wa Kwa Mrombo, kuhusu swali lako: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, ndiyo maana unasikia maelezo yanayopingana. Kwa vijana hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo anza na wenzako wa kijiweni mnaoaminiana, andikeni katiba ya kikundi, kisha mwende wote kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mkiwa na namba zenu za NIDA. Mwenyekiti wenu wa kijiwe aende pamoja nanyi siku ya kwanza.